Njombe na Makambako katika Vitabu vya Safari na Historia

Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hukutana hapo na ile inayokwenda kusini kupitia Njombe hadi Songea, na reli ya TAZARA nayo hupita mjini humo. Ndiyo maana vitabu vingi vinavyoigusa nchi ya Wabena, wenyeji wa Njombe, vimeandikwa na wapita njia. Msomaji anayevichagua hana budi kuuliza kwanza: mwandishi huyu alipita tu, au alikaa akasikiliza?

Mpita njia mwenye jina kubwa kuliko wote katika miaka ya karibuni ni Paul Theroux, Mmarekani aliyefundisha Malawi na kisha Chuo Kikuu cha Makerere katika miaka ya 1960, na ambaye vitabu vyake vya safari za treni vinasomwa duniani kote. Kitabu chake Dark Star Safari, kilichotoka mwaka 2002, kinasimulia safari kutoka Cairo hadi Cape Town, aghalabu kwa treni, mabasi na malori. Dar es Salaam alipanda treni ya TAZARA akashukia Mbeya, na reli hiyo haina njia nyingine ila kupitia Makambako. Kinafaa kusomwa kwa ukali wa jicho lake na kwa swali lake zito juu ya misaada ya kigeni: imemjenga nani? Hata hivyo, hukumu zake ni za haraka mno, na abiria wa dirishani hana nafasi ya kumuuliza mwenye shamba analolipita.

Pengo hilo linazibwa na Jamie Monson katika Africa's Freedom Railway, cha mwaka 2009. Reli hiyo ya kilomita 1,860 ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, na kipande cha Mlimba hadi Makambako kilikuwa kigumu kuliko vyote: kutoka joto la bonde la Kilombero, njia hupanda mlima kwa mahandaki na madaraja mpaka kwenye baridi ya nyanda za juu. Monson aliwahoji wafanyakazi wa zamani, wakulima na wafanyabiashara wadogo waliojipatia riziki kwa kupakia mazao kwenye mabehewa. Humo reli inaonekana kwa macho ya watu wanaoitumia.

Safari za kale nazo zina thamani yake. Joseph Thomson, kijana wa Scotland, alikuwa na umri wa miaka 21 tu kiongozi wake, Keith Johnston, alipofariki Behobeho mwaka 1879. Aliuchukua msafara, akaupitisha Uhehe na Ubena mpaka Ziwa Nyasa, na kitabu chake kikatoka mwaka 1881. Jina la Thomson ndilo lililobaki kwenye jalada, lakini mkuu wa wapagazi alikuwa Chuma, yule aliyesaidia kuusafirisha mwili wa Livingstone hadi pwani. Bila uzoefu wake ni vigumu kuona jinsi kijana yule angefika. Kwa Kiswahili kuna maisha ya mfanyabiashara Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe, ambamo Urori, yaani Usangu wa jirani, unatajwa kama nchi ya biashara na ya vita.

Kumbukumbu za Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, zilizochapishwa mwaka 1920, ni za askari mtupu. Oktoba 1918 jeshi lake lilipita Njombe likielekea Rhodesia ya Kaskazini, likamwacha Jenerali Wahle akiwa mgonjwa. Mwendo, risasi na chakula vimeandikwa kwa makini; mwanakijiji aliyenyang'anywa mahindi yake hana sauti humo.

Sauti hiyo inapatikana kwa James Giblin. A History of the Excluded, alichokitoa mwaka 2005 akishirikiana na Blandina Kaduma Giblin, ni historia ya Njombe katika karne ya 20 iliyojengwa kwa masimulizi ya familia zenyewe. Vijana wanaondoka Ubena kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, wengine wanajaribu biashara, na nyumbani kuna wanaobaki kulinda shamba na watoto. Hoja yake ni kwamba watu waliotengwa na dola, ya kikoloni na hata ya baadaye, walifanya familia kuwa kimbilio lao. Ni hoja inayoweza kupingwa, kwa kuwa ndani ya familia pia wamo wanaoonewa, na Giblin mwenyewe halifichi hilo. Hata hivyo, mtu wa Njombe akikisoma atakutana na maisha ya babu na bibi zake yakitendewa haki ya historia kamili.

Mwenye nafasi ya kusoma kitabu kimoja tu aanze na Giblin; akipata cha pili, kiwe cha Monson. Theroux asomwe baada ya hao, msomaji akiwa tayari na la kumjibu.