Tembe la Kwihara na Mabega ya Wapagazi

Huko Ulaya nyumba kubwa za zamani zilikuwa na jengo la pili la mawe. Upande mmoja walikaa farasi, upande mwingine magari waliyoyakokota, na darini ziliwekwa nyasi kavu.

Sisi wa Chemchem na Tabora yote tunayo nyumba yetu ya wasafiri, tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji. Dakta Livingstone alikaa humo mwaka 1872, tangu Februari mpaka Agosti. Sasa ni makumbusho. Lizunguke tembe lote: banda la gari hulioni. Kwa nini?

Sababu ni mbung'o, yule tunayemwita ndorobo. Akiuma farasi au ng'ombe humtia ugonjwa wa nagana, mnyama akakonda mpaka kufa. Mwaka 1877 wamisionari Waingereza walijaribu kuja bara na magari ya ng'ombe kutoka Saadani. Ng'ombe wakafa njiani, mpango ukavunjika. Basi gari la njia yetu likawa bega la mtu. Mpagazi alibeba kama kilo 30, pembe za ndovu zikienda pwani, nguo na shanga zikija huku. Wanyamwezi wengi walifanya kazi hiyo kwa ujira. Lakini wapo waliotembea njia hiyohiyo wakiwa watumwa, na hao hawakulipwa kitu.

Ndiyo maana tembe limejengwa vile. Vyumba vinazunguka ua. Mizigo iliwekwa katika vyumba vyenye kuta nene za udongo, maana nguo na shanga ndizo zilizokuwa fedha ya safari. Punda wachache waliokuwepo walifungwa uani tu. Mlango mkubwa ukishafungwa, mwizi apite wapi?

Paa ni bapa: miti imelazwa, juu yake udongo ukashindiliwa. Moto hauli paa hilo upesi kama nyasi, na ndani mna baridi hata jua la saa nane. Ila mvua ndiyo adui yake. Udongo ukipasuka, maji huingia, miti huoza, halafu ukuta hulainika na kuanguka. Kila mwaka lazima mtu apande akazibe nyufa kabla ya masika. Matembe mengi ya wafanyabiashara hayakupata mtu huyo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ikahamia kwenye mabehewa, na nyumba zile zikarudi kuwa udongo.