Usalama wa Watoto Mtandaoni (Sehemu ya 3): Wana wa Maruta na Mto Ruzizi

Tarehe 10 Desemba 2025 Australia ilianza kutekeleza sheria inayowakataza watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye Facebook, TikTok, YouTube na mitandao mingine kadhaa. Wiki hiyohiyo wapiganaji wa M23 waliingia Uvira, mashariki mwa Congo, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi, mara nyingi wakiwa na simu moja kwa familia nzima. Je, sheria kama ile ingewafaa watoto wetu? Sheria ya Congo ya kumlinda mtoto ya Januari 2009 na ile ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023 tumekwisha kuzieleza katika sehemu zilizotangulia, sizirudii. Naona ya Australia isingetufaa sana, kwa kuwa inahesabu akaunti, na mtoto wa Mulongwe au Kalundu, hapa Uvira, hana akaunti: anashika simu ya mama, anaandika kwa namba ya mama, tena kwenye WhatsApp, ambayo sheria ile haikuigusa. Ngao yake ni tabia ya kuhoji. Na mji huu ulitoa somo kubwa la kuhoji zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Aprili 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Kilichowaleta kilikuwa habari ya kusikia: mfanyabiashara Mwarabu, Hamid bin Sulayyam, alikuwa amemweleza Speke, au ndivyo Speke alivyofahamu, kwamba kaskazini kuna mto mkubwa unaotoka Ziwa Tanganyika. Kama ni kweli, huenda ndio Nile. Wakaja wana watatu wa mtawala Maruta, wakaulizwa, wakajibu kwa sauti moja kwamba mto huo, Ruzizi, unaingia ziwani, hautoki. Walijibu hivyo kwa sababu mto walikuwa wameuona. Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mkalimani, naye akasema kwamba Speke hakumwelewa vizuri Mwarabu yule, akaongeza kwamba kwa maoni yake mtu huyo hakuwahi kufika kaskazini ya rasi ya Ubwari. Humo mna elimu nzima ya kupima habari: je, nimesikia sawasawa, na aliyeniambia alifika huko? Heshima yangu kwa Bombay imekua kila niliposoma habari hiyo.

Linalosikitisha ni lililofuata. Wapiga makasia walikataa kuendelea, na Burton akarudi bila kuuona mlango wa mto. Mwaka 1864, akiwa amekosana vibaya na Speke, alitetea hoja kwamba Ruzizi unatoka ziwani, akawapuuza walioushuhudia. Msomi wa lugha nyingi alishika uvumi kwa kuwa ulimsaidia dhidi ya hasimu wake. Mwishoni mwa 1871 Livingstone na Stanley walifika kwa mtumbwi, wakakuta maji yakiingia. Isingewezekana vinginevyo, kwani Ziwa Kivu, unakotoka Ruzizi, liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na Tanganyika karibu 770. Wana wa Maruta wanastahili kufundishwa katika kila shule ya Uvira, kabla ya Livingstone.

Leo mtoto wa miaka minane hupokea ujumbe wa sauti: mimi ni rafiki wa mjomba wako, niko Bujumbura, nitumie picha yako na ya hapo mlipo, mama asijue. Afundishwe kuuliza kama Bombay: nani katika familia amemwona mtu huyu? Na anayemtaka mtoto amfiche mama yake amejihukumu mwenyewe, hata angekuwa na jina la mwalimu au mchungaji. Wakati wa vita picha ya mlango wa nyumba inaweza kuonyesha familia imejificha wapi. Mzazi naye aweke kwenye WhatsApp kwamba ni namba alizohifadhi tu zinazoweza kumwingiza kwenye makundi na kuona picha yake. Ni kazi ya dakika chache.

Wapo watakaosema kwamba kumfundisha mtoto kumhoji mkubwa ni kuvunja adabu. Lakini wana wa Maruta hawakuwavunjia wageni heshima. Walisema walichokijua, na adabu isiyoruhusu kweli humfaa mwenye nia mbaya peke yake. Wengine watasema dawa ni kumnyang'anya mtoto simu. Familia zilizotawanyika kati ya Uvira, Fizi na Burundi hutafutana kwa simu hiyohiyo, na mara nyingi mtoto ndiye anayejua kuitumia. Isitoshe, mtoto anayejua kwamba akisema atachapwa na kupokonywa simu atamtunzia mgeni siri yake. Hapo ukali wa mzazi unamsaidia mhalifu. Na mzazi asiyejua kusoma asijione hawezi: ujumbe wa sauti husikilizwa, na kuuliza nani amemwona mtu huyu hakuhitaji darasa.

Kwa hiyo nawaomba wazazi: kila mnapoweka mega za intaneti, kaeni na mtoto msikilize pamoja ujumbe ulioingia, na akiwaletea jambo baya la mtandaoni msimpige. Walimu nao wawapeleke wanafunzi Ruzizi hali ikiruhusu, wajionee wenyewe maji yanakoelekea.