Rubani Asiye na Mwili

Katika mchezo wa kompyuta uitwao Kerbal Space Program, ambao kampuni ya Squad ya Mexico iliutoa kwa umma mwaka 2011, mchezaji huunda roketi yake mwenyewe, akairusha kutoka sayari ya Kerbin, na akithubutu huiteremsha juu ya Mun, mwezi wenye upana wa kilomita 400 usio na hewa hata chembe. Na hapo ndipo taabu ianzapo, kwani pasipo hewa mwavuli haufai kitu, na mwendo wote hauna budi kuzuiwa kwa moto wa injini.

Kutua popote ni mazoezi tu. Kutua kando ya kituo ulichokwisha kukijenga ni hesabu, na hesabu hiyo wengi humwachia MechJeb, programu ya ziada iliyotungwa na wapenzi wa mchezo. Mchezaji huonyesha mahali kwenye ramani, naye rubani huyo huwasha injini kinyume cha mwendo ili chombo kiache mzingo wake, husahihisha njia kingali juu, kisha husubiri, kwa utulivu ambao binadamu hana, hata ardhi ikaribie ndipo awashe tena, maana kila nukta ya kuelea ni mafuta yapoteayo bure.

Wapo waonao kuwa kumtegemea MechJeb ni ajizi. Mimi sioni hivyo: rubani huyo hamwokoi aliyeunda chombo chembamba chenye kupinduka, na penye hewa makadirio yake huyumba.