Uzoefu wa Pikipiki Haupimwi kwa Miaka Peke Yake



Zamu imekwisha, siku za mapumziko zimefika. Unafunga mzigo wako, unapanda pikipiki, unarudi kwa familia: wengine Uvira, wengine Kiliba, wengine Sange, Luberizi au Mutarule. Kazini una kofia, viatu vya usalama na shefu anayekuangalia. Njiani hakuna shefu. Ni wewe, pikipiki na barabara ya uwanda wa Ruzizi.

Tukikuuliza kama unajua kuendesha, unajibu upesi: "Mimi? Niko na miaka kumi kwenye moto!" Jibu lako tunaliheshimu. Lakini halitoshi, na hapa tutaeleza sababu.

WAENDESHAJI WAWILI

Tuchukue mfano. Baba mmoja wa Uvira ana pikipiki tangu miaka 10. Kila Jumapili anakwenda nayo kanisani, peke yake, mchana kweupe, kilomita 10 kwenda na kurudi. Akifika nyumbani anaifunika turubai mpaka Jumapili ijayo. Piga hesabu: kwa miaka 10 ametembea kilomita 5,200.

Kijana wa pili ana miaka 2 tu. Lakini anabeba abiria na magunia katika uwanda, tuseme kilomita 80 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Yeye amefikisha kilomita 48,000. Nani mzoefu? Kalenda inasema baba. Barabara inasema kijana.

Hata hivyo, kijana asijivune. Anayefunga breki vibaya kwa kilomita 48,000 amezoea kosa lake, basi.

PIKIPIKI NGENI NI HATARI

Mwaka 1981, huko Marekani, Harry Hurt na wenzake wa chuo kikuu cha Southern California walitoa ripoti juu ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza Los Angeles, moja moja. Waendeshaji wale walikuwa na karibu miaka 3 ya kuendesha barabarani. Lakini zaidi ya nusu yao walikuwa hawajafikisha miezi 5 juu ya pikipiki ile iliyopata ajali. Na 92 kwa 100 walikuwa wamejifundisha wenyewe, au wamefundishwa na ndugu na marafiki.

Umeelewa? Mkono wako unajua pikipiki yako. Ya shemeji, uliyoazima leo ili uwahi msibani, haujaijua bado. Breki zake zinashika mahali pengine na uzito wake ni mwingine. Juu ya pikipiki hiyo wewe ni mwanafunzi.

JIPIME KWA MASWALI HAYA

1. Pikipiki hii nimeiendesha kilomita ngapi, na mwezi uliopita ngapi? Aliyekaa miezi 6 bila kuendesha aanze polepole.

2. Nimezoea mzigo gani? Kuendesha peke yako ni kazi moja. Kubeba mke, mtoto na gunia la muhogo ni kazi nyingine: pikipiki inachelewa kusimama, na usukani unakuwa mwepesi.

3. Nimepita njia gani, na majira gani? Uwanda wa kiangazi ni vumbi linaloficha lori. Wakati wa mvua ni tope linaloteleza, na mito inayoshuka kwa ghafula kutoka milimani. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua watu na kubomoa nyumba. Je, umewahi kupita usiku kati ya ng'ombe na baiskeli zisizo na taa? Na wewe uliyejifunzia Kigoma, kumbuka: kule wanashika kushoto, kwetu tunashika kulia.

4. Ninajua kufunga breki? Ukienda kilomita 60 kwa saa, katika sekunde moja tu unapita karibu mita 17, na mkono haujagusa breki bado. Ukiongeza mwendo mara mbili, njia ya kusimama baada ya kushika breki inakuwa mara nne. Wengi wa Los Angeles walikandamiza sana breki ya nyuma, wakaisahau ya mbele. Jizoeze mahali patupu: zote mbili pamoja, kwa nguvu inayopanda polepole. Penye tope na changarawe, ya mbele kwa upole.

5. Mara ngapi nilinusurika, na nilibadilisha nini baadaye? Swali hili linapita yote. Aliyenusurika mara tano bila kubadilisha kitu hana uzoefu. Ana bahati, na bahati inakwisha.

MZOEFU ANAJUA PIA KUSIMAMA

Tarehe 2 Julai 2010, hapa karibu, Sange, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikwenda kuchota. Wengine walikuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka, wakafa watu zaidi ya 200.

Mwenye pikipiki mara nyingi ndiye anayefika wa kwanza mahali pa ajali. Ukiona lori la mafuta limelala, simama mbali, zima injini, usiwashe sigara, usikaribie hata kwa kidumu kimoja. Geuza, uwazuie wanaokuja nyuma yako.

Na kofia ngumu? Vaa, ufunge mkanda, hata kama una miaka 20 barabarani. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi nyingi umeonyesha kwamba inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42. Ile unayoning'iniza kwenye mkono inalinda kiwiko.

Leo jioni, chukua daftari la mtoto, uandike majibu yako kwa maswali yale matano. Usidanganye, hakuna atakayesoma. Pale utakapoona jibu ni "bado", hapo ndipo uzoefu wako unapoishia. Ukifika hapo njiani, punguza mwendo.