Mbunge anaposema "kodi ipunguzwe", wewe unapata nini?

Wanasiasa wengi hufika Mvara na Koboko wakisema kodi ikipungua, biashara itakua. Je, ni kweli? Tuangalie kodi ya pesa za simu.

Ilikuwaje?
Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu. Aliyetoa shilingi 200,000 kwa wakala alikatwa kodi ya 2,000, mbali na ada ya kampuni ya simu. Watu walilalamika, wengi wakarudia kubeba pesa mkononi. Mbunge Robert Kyagulanyi aliongoza maandamano Kampala mwezi huohuo. Arua ilipomchagua Kassiano Wadri kuwa mbunge, tarehe 15 Agosti, mjadala ulikuwa bado moto.

Bunge lilifanya nini?
Oktoba 2018 lilipitisha asilimia 0.5, kwa kutoa pesa tu. Kodi ya shilingi 200,000 ikashuka hadi 1,000, na kutuma hakukutozwa tena kodi hiyo. Baadhi ya wabunge walitaka iondolewe kabisa, lakini hawakufaulu.

Mbunge ana uwezo gani?
Kifungu cha 93 cha Katiba kinasema pendekezo la kuweka au kuongeza kodi lazima litoke serikalini. Kupunguza kodi hakumo katika katazo hilo. Kwa hiyo mbunge akisema "siwezi kufanya lolote", muulize tena.

Je, uchumi hukua?
Kodi ndogo humwachia muuza mboga pesa ya kuongeza mtaji, na ndugu akikutumia msaada, unabaki na zaidi. Lakini kodi pia hulipa walimu, dawa na barabara. Mbunge anayeahidi kupunguza aeleze pengo litazibwa na nini: kodi nyingine, mkopo, au huduma kupunguzwa?

Mimi ni mkimbizi, nifanye nini?
Mkimbizi hapigi kura Uganda, lakini kodi hii haiulizi kitambulisho: mkimbizi na mwenyeji hukatwa sawa. Peleka hoja yako kwa viongozi wa wakimbizi waliochaguliwa katika makazi yako, na uzungumze na majirani wenyeji wanaopiga kura. Wakati mzuri ni Aprili na Mei, Bunge linapojadili bajeti. Mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai, na hapo mengi huwa yamekwisha kuamuliwa.