Jinsi ya Kupata Cheti cha Kuzaliwa: Maneno kwa Wazazi wa Dagoretti

Kila mwaka, shule zifunguliwapo mwezi wa Januari, sisi makarani wa usajili hupata wageni wengi kuliko siku nyingine. Utawaona wazazi wa Kawangware, Riruta, Waithaka na Mutuini wamejipanga tangu alfajiri, kila mmoja na bahasha yake mkononi. Wengi wao hawakuja kwa kuwa wamekumbuka wenyewe. Wamekuja kwa kuwa mwalimu amemrudisha mtoto nyumbani na kumwambia, "Mwambie baba yako alete cheti." Nimekaa nyuma ya dirisha miaka kadhaa sasa, nami nataka kuwaeleza wasomaji jambo moja ambalo, lau lingejulikana vema, foleni hizo zingepungua sana.

Jambo lenyewe ni hili: cheti cha kuzaliwa hakianzi siku ile unapokwenda kukiomba. Huanza siku mtoto azaliwapo, nacho hufuata mahali alipozaliwa, wala si mahali mnapokaa.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa Gatina alinijia, uso umechoka. Binti yake alikuwa karibu kuandikishwa kwa mtihani, na siku zilizobaki zilihesabika kwa vidole.

"Mwanangu," akaniambia, "nimekwenda ofisini mara tatu. Kila mara naambiwa jina la mtoto halimo daftarini. Je, mtoto huyu sikumzaa?"

Nikamwuliza, "Mama, ulijifungulia wapi?"

"Kule Thogoto, hospitali ya misheni."

Hapo nikaelewa. Hospitali ya Kikuyu, iliyoanzishwa na wamisheni wa Kiskoti mwaka 1908, si mbali na Dagoretti, na mama zetu wengi huiendea. Lakini iko Kiambu, si Nairobi. Mama huyu alikuwa akimtafuta binti yake katika daftari la Nairobi, na hali mtoto aliandikwa upande wa Kiambu tangu wiki aliyozaliwa. Safari tatu zilikuwa za bure, na nauli yake pia, kwa sababu hakuna aliyemwuliza swali hilo moja. Naona haya kusema kwamba sisi makarani nasi tuna makosa.

Siku hizi maombi hufanywa kwa njia ya eCitizen, lakini swali la mahali alipozaliwa mtoto lingali pale pale, na yafaa lijibiwe kwa makini. Mtu akiandika "Nairobi" kwa kuwa ndipo anapolipa kodi ya nyumba, ataletewa jibu lile lile alilolipata mama wa Gatina.

Wazee waliozaliwa hapa Dagoretti nao wakumbuke kwamba zamani sehemu hii ilikuwa ya wilaya ya Kiambu, mpaka mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa wakati wa Uhuru, mwaka 1963. Mtu aweza kuwa amezaliwa katika shamba lile lile analokaa leo, na karatasi zake zikasema Kiambu. Hilo si kosa.

Tena haishangazi kwamba wazee wengi hawana cheti. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo inayotumika mpaka leo ilitungwa mwaka 1928, lakini kwa miaka mingi haikuwalazimu Waafrika wote. Ilienezwa wilaya kwa wilaya, na ilikuwa mwaka 1971 ndipo ilipofika nchi nzima. Kabla ya hapo mtu wa Ugikuyu alijua umri wake kwa rika lake, na rika lilipewa jina la jambo kubwa lililotokea mwaka wa kutahiriwa. Hata Mzee Jomo Kenyatta, aliyesoma pale Thogoto na kuwa na duka hapa Dagoretti miaka ya 1920, siku yake ya kuzaliwa haijulikani. Twajua tu kwamba alibatizwa mwaka 1914. Yeye alifika mbali bila cheti. Kijana wa leo hawezi hata kufika darasani.

Nasema hivyo kwa kuwa tangu mwaka 2017, Wizara ya Elimu ilipoanzisha daftari la wanafunzi liitwalo NEMIS, walimu walitakiwa kuingiza namba ya cheti cha kila mtoto. Kitambulisho cha taifa akitimiza miaka 18, pasipoti, na kuandikwa chini ya mzazi katika bima ya afya, yote hudai karatasi hiyo hiyo.

Haya, tuingie katika njia yenyewe.

Mtoto akizaliwa hospitalini, iwe ni Mbagathi, Mutuini, Pumwani au hospitali ya watu binafsi, wahudumu hujaza fomu ya taarifa ya kuzaliwa iitwayo B1. Mama hupewa kipande cha fomu hiyo chenye namba, na fomu yenyewe hupelekwa kwa msajili. Hapa yafaa nieleze jambo linalowachanganya wengi. Hospitali kama Mbagathi na Mutuini ni za Kaunti ya Nairobi, lakini usajili wa vizazi ni kazi ya Serikali ya Taifa. Kwa hiyo ukienda kwa ofisi za kaunti kuomba cheti, utaelekezwa kwingine. Kaunti huandika taarifa, na Serikali ya Taifa hutoa cheti.

Mtoto akizaliwa nyumbani, mzazi aende kwa naibu wa chifu wa mtaa wake. Huyo ndiye wakala wa usajili, naye atajaza fomu na kumpa mzazi kipande chake. Watu wengi humwendea chifu kwa ugomvi wa mipaka na wa ndoa tu, hawajui kwamba kazi hii nayo ni ya ofisi yake.

Wazee wetu hawalipendi neno "kipande", nami sina lawama juu yao, kwa kuwa miaka ya 1920 walivishwa kipande cha kazi shingoni kama kengele ya mbuzi. Lakini kipande hiki cha B1 ni cha heri, nacho kitunzwe kama hati ya shamba. Nasema hivi kwa aibu kidogo. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, mke wangu alinikabidhi kipande, nikakitia katika mfuko wa koti, na Jumamosi koti likafuliwa. Mimi, karani wa usajili! Ilinibidi nitumie kitabu cha kliniki cha mama na mtoto ili rekodi ya mwanangu itafutwe, na wenzangu ofisini walinicheka mwezi mzima.

Baada ya hapo mzazi huomba cheti chenyewe, akiwa na kipande hicho, vitambulisho vya wazazi, na ada. Ada hiyo kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 50. Mwaka 2024 ilipandishwa ikawa shilingi 200. Asiyejua kutumia eCitizen kwa simu aweza kusaidiwa katika saiba, au aende Huduma Centre, kama ile ya Posta Kuu au ya Kibra. Mwenye saiba atataka malipo ya kazi yake, na hiyo ni haki yake; lakini ada ya Serikali hulipwa Serikalini, na mtu hupata risiti. Wale vijana wanaosimama nje ya ofisi na kunong'ona, "Mzee, leta elfu mbili nikutolee leo," hawana daftari lolote. Nimeona vyeti vyao. Karatasi hupendeza macho, lakini namba yake ikitafutwa huwa ni ya mtoto mwingine, au haipo kabisa. Anayeteseka ni kijana wa miaka 18 aliyesimama mbele ya ofisa wa vitambulisho na cheti cha uwongo ambacho hakukinunua yeye.

Sasa majina. Hapa ndipo penye taabu nyingi kuliko pengine pote. Mama aliyejifungua usiku, mwenye maumivu, huulizwa jina la mtoto, naye hajaafikiana na baba. Kwa desturi ya Wagikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, wala hilo halina mjadala. Lakini jina la ubatizo huweza kubishaniwa wiki mbili. Basi fomu huandikwa bila jina la mtoto. Sheria inaruhusu jina kuingizwa au kubadilishwa ndani ya miaka miwili tangu kuandikishwa. Miaka miwili hupita upesi sana, hasa kwa mtu mwenye ng'ombe na mboga za kupeleka sokoni kila siku.

Na tahajia je? Baba kitambulisho chake kinasema Ng'ang'a, fomu ya hospitali inasema Nganga. Mama ni Waithira, fomu inasema Waithera. Sikioni ni mtu yule yule, lakini kompyuta haina sikio. Dawa yake ni rahisi: mama aendapo kujifungua achukue kitambulisho chake na nakala ya kitambulisho cha baba, amwonyeshe anayeandika, wala asiyatamke majina kwa mdomo tu.

Kuna swali ambalo mama wengine huliuliza kwa sauti ya chini, nalo ni la mtoto ambaye wazazi wake hawakuoana. Mtoto huyu ana haki ya cheti kama mwingine yeyote. Zamani kifungu cha 12 cha sheria ile kilisema jina la baba asiyemwoa mama lisiandikwe ila wote wawili waombe pamoja, na vyeti vingi vilitolewa nafasi ya baba ikiwa imetiwa alama za X. Tarehe 26 Mei 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba kifungu hicho hakipatani na Katiba ya 2010, ambayo yampa kila mtoto haki ya jina na ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au hawakuoana. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa wa haki. Mtoto hakuwa na neno katika ugomvi wa wazazi wake, na zile X alizibeba yeye peke yake mpaka darasani. Njia fupi kuliko zote, hata hivyo, ni baba mwenyewe kufika na kitambulisho chake na kukubali mbele ya msajili. Mama akiwa hana namna ya kumpata baba, asikae nyumbani akingoja. Amwandikishe mtoto, na swali la baba lifuate baadaye.

Muda wa kuandikisha ni miezi sita. Ukipita, huitwa usajili uliochelewa, nao huhitaji idhini ya Msajili Mkuu. Haimaanishi mlango umefungwa. Maana yake ni kwamba utaulizwa ushahidi: kitabu cha kliniki, cheti cha ubatizo, karatasi za shule, vitambulisho vya wazazi, barua ya chifu. Karatasi iliyoandikwa mtoto akiwa mdogo ina nguvu kuliko iliyoandikwa juzi. Ndiyo maana kitabu cha kliniki kilichochakaa, chenye alama za chanjo, huweza kumshinda shahidi mwenye suti.

Na mpokeapo cheti, kisomeni pale pale dirishani, herufi kwa herufi: jina, tarehe, mahali, wazazi. Ikiwa kosa ni la aliyechapa, hulinganishwa na daftari na kusahihishwa. Ikiwa kosa limo daftarini, kuna maombi ya kujaza na ushahidi wa kuleta, na safari ni ndefu zaidi. Mtaona pia maneno yaliyochapwa kwamba cheti hiki si uthibitisho wa uraia wa Kenya. Mzee mmoja wa Ruthimitu alipoyasoma alikasirika sana, akadhani amefukuzwa nchini kwake. Maneno hayo humo katika vyeti vyote. Cheti husema mtu alizaliwa wapi na lini. Uraia huamuliwa kwa sheria nyingine.

Yule mama wa Gatina alikwenda Kiambu siku ya pili yake. Jina lilionekana, ukurasa ukafunguliwa, na cheti kikatolewa kabla siku za kuandikisha mtihani hazijaisha. Alirudi kunionyesha. Nikakisoma, nikaona herufi moja ya jina la mama yake mtoto si ile iliyo katika kitambulisho, nikamwuliza kama alikuwa amekisoma.

"Nilikuwa na furaha, mwanangu," akasema, "sikusoma."

Bahati ilikuwa kwamba kosa lilikuwa la aliyechapa, na daftari lilikuwa sawa. Akapanda matatu tena mchana ule ule.