Mpaka wa Kimya na Neno

Mlinzi wa shamba la mahindi huko Shirimatunda, chini ya Kilimanjaro, hukesha akisikiliza. Akipiga kelele kwa kila jani litikiswalo na upepo, atawaamsha watu bure; akingoja kishindo kikubwa tu, mwivi atavuna na kwenda zake.

Ripita iliyomo ndani ya kompyuta ina kazi kama hiyo. Ishara ipitayo katika waya hufifia njiani. Ripita huipokea, huitia nguvu, kisha huipeleka mbele. Lakini waya hauna kimya kamili: daima mna mnong'ono mdogo wa umeme. Nao ukitiwa nguvu, upuuzi hupelekwa badala ya habari.

Kwa hiyo huwekwa mpaka. Katika njia ziitwazo PCI Express, mpaka huo huwa kati ya milivolti 65 na 175, yaani sehemu za elfu za volti moja. Iliyo chini ya 65 huhesabiwa kimya. Iliyozidi 175 huhesabiwa neno.

Mpaka ukishuka mno, uvumi hupita. Ukipanda mno, habari ya kweli iliyochoka njiani hutupwa. Basi fundi hupima waya wake kwanza, ndipo achague.